Chikichi Kwanza, Mashine Baadaye

   

Msikilizaji wangu wa mkoa wa Kigoma, leo naomba usogeze redio karibu. Mama uliye jikoni, injika chungu, kaa kidogo. Kijana uliyeitundika redio kwenye tawi la mbuni huku unapalilia kahawa, endelea kupalilia, ila ongeza sauti. Nataka tuzungumze juu ya mashine za kukamua mawese. Ziko aina kadhaa, na swali langu ni moja tu: tununue ipi?

Swali hili sikulibuni. Siku ya soko hapa Manyovu nilikutana na mzee mmoja, mwenyekiti wa kikundi. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanishika mkono na kunivuta pembeni, pale kwenye vivuli vya wauza maharage.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe si ndiye yule wa redioni? Kikundi chetu kimeweka akiba mwaka wa tatu huu. Fedha ipo, siyo nyingi, lakini ipo. Sasa tumegawanyika. Vijana wanataka mashine ya mota, hii hapa." Akatoa simu, akanionyesha picha. Mashine imepakwa rangi ya kijani, inang'aa. "Akina mama wanataka ile ya jeki. Mimi niko katikati, sijui nielemee wapi. Tusaidie."

Nikamuuliza, "Mzee wangu, siku ya mavuno mnaleta chikichi kilo ngapi?"

Akanyamaza. Akawatazama wenzake wawili aliokuja nao. Nao wakanyamaza.

"Hilo hatujalipima," akasema.

Msikilizaji, neno hilo la mzee nimelala nalo siku kadhaa. Hatujalipima. Watu wazima, wenye akili zao, wenye jasho lao la miaka mitatu ndani ya sanduku, wanabishania mashine, na hawajapima kile ambacho mashine itakula. Siwalaumu hata kidogo. Ndivyo tunavyouziwa. Muuzaji hukuonyesha mashine inavyozunguka, lakini hakuulizi una chikichi za aina gani, ziko wapi, na zinakuja siku gani. Basi leo nataka tupite njia ya upande mwingine. Tuanze na chikichi. Mashine tutaikuta mbele.

Kwanza kabisa, kukamua ni nini hasa? Wenyeji wa bondeni, kando ya Ziwa Tanganyika, mtanivumilia, maana haya mmezaliwa nayo. Lakini wako wasikilizaji wa Kibondo ambao mawese wanayaona yakiwa tayari ndani ya dumu.

Tunda la mchikichi lina nyama nje na kokwa ndani. Nyama ndiyo yenye mawese, yale mekundu. Ndani ya kokwa kuna kiini, mise, na mise ina mafuta yake mengine kabisa, meupe, yanayopendwa na watengeneza sabuni. Kwa hiyo tunda moja lina mafuta ya namna mbili, na kila namna ina mlango wake. Shika hilo, maana tutalirudia.

Sasa fuata safari ya tunda. Mkungu unakatwa, chikichi zinachambuliwa, zinachemshwa ndani ya pipa. Kwa nini tunachemsha? Watu wengi watasema ni kulainisha. Ni kweli, lakini siyo yote. Ndani ya tunda kuna vimeng'enya ambavyo, tunda likishachubuka, huanza kuyavunja mafuta na kuyageuza asidi. Ndiyo yale mawese yanayokereketa kooni. Moto huviua vimeng'enya hivyo. Ndiyo maana chikichi zilizolala siku nyingi kwenye gunia, hata ukizipeleka kwenye mashine ya bei kubwa namna gani, mawese yake hayatakuwa mazuri. Mashine hairudishi kilichokwisha kuharibika.

Baada ya kuchemsha, chikichi zinapondwa mpaka ziwe rojo. Wazee wetu walitwanga kwenye kinu. Kisha likaja lile pipa mnalolijua, lenye mhimili katikati na mapanga ndani, na mti mrefu juu yake, vijana wanausukuma wakizunguka, wanazunguka tena, mpaka kichwa kinawazunguka na wao. Maji ya moto yanamiminwa, mafuta yanaelea juu, yanakombwa. Njia hiyo imelisha watu na kusomesha watoto wa mkoa huu. Shangazi yangu alisomesha wanne kwayo. Lakini inataka maji mengi na kuni nyingi, na mafuta mengi hubaki kwenye makapi.

Hapo ndipo mashine ya kukamua inapoingia. Kazi yake ni moja: kuibana rojo ikiwa bado ya moto, mpaka mafuta yatoke na makapi yabaki. Ikiwa bado ya moto, nasema tena. Mawese yakipoa huganda, na yakiganda hayapenyi kwenye nyuzi. Nimeona kikundi kimeponda asubuhi, kikaenda kunywa chai, kikarudi kukamua. Wakasema mashine mbovu. Mashine haikuwa na kosa lolote.

Sasa twende kwenye mashine zenyewe. Ziko nyingi kwa majina, lakini ukiziangalia zinavyobana, kwa kazi yetu ya vijijini ni tatu.

Ya kwanza ni ya skrubu ya mkono. Vitabuni utaikuta ikiitwa parafujo, lakini kwa fundi sema skrubu. Kuna fremu ya chuma, kikapu cha chuma chenye matundu, na skrubu nene inayoshuka katikati ikisukuma sahani. Watu wawili wanazungusha mpini, sahani inashuka, mafuta yanachuruzika kwenye matundu. Mashine hii haina siri. Ukisimama mbele yake dakika tano umeshaielewa, na mimi naona hiyo ni sifa kubwa kuliko tunavyodhani. Ikiharibika, mara nyingi kilichokwisha ni meno ya nati au ya skrubu yenyewe, na fundi mwenye mashine ya kukerezea huikereza upya. Shauri la mafundi ni hili: nati iwe ya shaba na skrubu iwe ya chuma, ili nati ndiyo inayolika. Nati ni ndogo, hubadilishwa. Skrubu ikilika, umepata hasara kubwa.

Udhaifu wake? Nguvu yake inaishia kwenye mikono yenu. Siku ya mavuno mengi, kufika saa nane mchana mikono imechoka, na mikono iliyochoka huacha mafuta kwenye makapi.

Ya pili ni ya jeki. Lori la kahawa likipata pancha kwenye mlima wa Kalinzi, utingo mmoja mwembamba anatambaa chini, anaweka jeki, anapiga mpini juu chini, juu chini, na lori zima na mzigo wake linainuka. Umewahi kujiuliza nguvu hiyo kaitoa wapi? Ndani ya jeki kuna oili na pistoni mbili, moja nyembamba na moja nene. Ukiisukuma ile nyembamba, msukumo unasafiri ndani ya oili na kuifikia ile nene kila mahali kwa kipimo kile kile. Na kwa kuwa nene ina uso mpana, nguvu inaongezeka mara nyingi. Mwingereza mmoja, Joseph Bramah, fundi wa vitasa, ndiye aliyesajili mashine ya namna hiyo mwaka 1795. Miaka mia mbili na zaidi imepita, na bado ndiyo hiyo hiyo iliyo chini ya lori pale Kalinzi.

Basi fundi akichukua jeki ya tani 20 au 30, akaifunga kwenye fremu imara juu ya kikapu chenye matundu, amepata mashine ya kukamua yenye nguvu ambayo skrubu ya mkono haiifikii. Mtu mmoja anaitosha. Mama mjamzito asiitumie, lakini mama mwenye nguvu zake haimshindi. Ndiyo maana akina mama wa kikundi cha yule mzee waliitaka.

Lakini hapa naomba mnisikilize vizuri, maana wengi wameumia. Jeki ina oili ndani, na oili hiyo siyo ya kula. Mpira wa jeki ukichakaa, oili huvuja. Kama jeki imewekwa juu ya kikapu, ikivuja, inadondokea wapi? Ndani ya mawese. Na mawese ni mekundu, hutaliona tone. Kwa hiyo mwambie fundi aiweke jeki chini, isukume kikapu kwenda juu. Au kama lazima iwe juu, iwe na kinga, sahani yenye ukingo, inayoupokea mvujo na kuupeleka nje. Mkaguzi wa mashine awe pua na kidole chako: kila asubuhi pitisha kitambaa cheupe kwenye shingo ya jeki kabla ya kazi. Kitambaa kikilowa, usikamue siku hiyo.

Jambo jingine kwenye jeki ni haraka. Mtu akishaona nguvu aliyonayo, anapiga mpini mpaka mwisho kwa pumzi moja. Rojo haitaki hivyo. Mafuta yanahitaji muda wa kupenya katikati ya nyuzi mpaka yafike kwenye tundu. Piga, ngoja mchuruziko upungue, piga tena. Ukikimbiza, rojo yenyewe inachomoka kwenye matundu kama ugali, na matundu yanaziba.

Sasa ya tatu, ile iliyo kwenye picha ya simu. Mashine ya mota. Wakamuaji wa alizeti wanaiita ekspela. Hii haibani kikapu kwa kikapu. Ndani ya bomba lenye matundu kuna skrubu ndefu, kama ile ya mashine ya kusagia nyama, inazunguka bila kupumzika. Rojo inaingia upande huu, inasukumwa mbele, na kule mwisho kuna koni inayoubana mlango. Makapi yanatokea kwenye upenyo wa koni, mafuta yanatokea kwenye matundu. Ilisajiliwa huko Marekani mwaka 1900, kwa ajili ya mbegu za mafuta, na leo viwanda vikubwa vya dunia, vya Malaysia na Indonesia ambako mafuta mengi tunayoyanunua Tanzania yanatoka, vinakamua chikichi kwa ndugu zake wakubwa.

Ni mashine nzuri? Ni nzuri sana. Vijana wa yule mzee hawakukosea kuitamani. Nyingine huponda na kukamua kwa pamoja, unamwaga chikichi zilizochemshwa, yanatoka mafuta. Lakini mashine hii ina tabia yake: haipendi kungoja. Ndogo zake hutengenezwa ziweze kula kilo 250 au 500 za chikichi kwa saa moja, nyingine tani nzima. Sasa piga hesabu na mimi. Kama kikundi chenu kinaleta kilo 600 kwa siku, na siku zenyewe ni mbili kwa wiki, mashine itafanya kazi saa mbili na nusu hivi, au hata chini ya hapo, kisha italala. Ikilala, inakula nini? Inakula riba ya mkopo. Na kila inapowashwa ikiwa baridi, rojo ya kwanza inatoka na mafuta yake mpaka bomba lipate moto. Umeme ukikatika katikati ya kazi, rojo inagandia ndani ya bomba, na mtafungua boliti zote kuichokoa kwa chuma.

Na umeme wenyewe? Tunamshukuru Mungu, tangu mwaka 2022 mkoa wetu umeanza kuunganishwa na gridi ya taifa, tumeanza kusahau majenereta. Lakini nenda kaangalie nguzo ya kijijini kwenu. Ina nyaya ngapi? Mota kubwa inataka umeme wa fezi tatu, na vitongoji vingi vimepata fezi moja. Kuna kikundi kimeshusha mashine kwenye lori, wamechinja na mbuzi, ndipo wakaambiwa na fundi umeme kwamba laini yao haiwezi kuizungusha. Usicheke, ni watu walioumia. Muulize fundi umeme kabla ya kumuuliza muuzaji.

Hapo nimezitaja zote tatu: skrubu ya mkono, jeki, na ekspela ya mota. Lakini bado sijafika kwenye jambo lenyewe. Nilisema tuanze na chikichi, basi turudi kwenye chikichi.

Chukua tunda la mchikichi wa zamani, ule ulioukuta kwa babu. Likate katikati kwa kisu. Utaona kisu kinagota. Nyama ni nyembamba, ganda la kokwa ni nene, pengine milimita 2, pengine mpaka 8. Hiyo ni Dura. Sasa chukua tunda la mche mpya. Nyama imejaa, ganda ni jembamba, pengine nusu milimita tu, likizidi sana 4. Hiyo ni Tenera. Siri ya Tenera iligunduliwa jirani tu, Yangambi, huko Kongo. Mwaka 1941 watafiti wawili, Beirnaert na Vanderweyen, walionyesha kwamba Tenera ni mtoto wa Dura na Pisifera, mchikichi ambao kokwa yake haina ganda. Kumbe aina tuliyokuwa tunaiona kama bahati ya shamba inaweza kuzalishwa kwa makusudi. Mbegu za Tenera za leo zinatembea juu ya ugunduzi huo.

Na kwetu Kigoma, tangu Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alipokuja kuhimiza zao hili mwaka 2018, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kikapewa kazi ya michikichi, miche ya Tenera imesambaa. Kwa hiyo leo shamba la mtu mmoja lina Dura ya babu na Tenera ya mjukuu, na zote zinaingia kwenye pipa moja.

Hayo yanahusu nini mashine? Yanahusu sana, ndugu yangu. Mashine inabana rojo, na ndani ya rojo kuna kokwa. Dura ina kokwa kubwa na ngumu, nyama kidogo. Ukiibana kwa nguvu sana, kokwa zinagusana, zinazuia sahani isishuke, na nguvu yako yote inaishia kwenye kokwa badala ya nyama. Tenera ina nyama nyingi na ganda jembamba. Kwenye ekspela, koni ikikazwa kupita kiasi, ganda linavunjika, kiini kinasagika, na mafuta ya mise yanaingia kwenye mawese. Rangi inapauka, ladha inabadilika, mnunuzi anashangaa. Kwa hiyo mashine ile ile, ikifungwa vile vile, italipendeza shamba hili na kulitia hasara shamba lile.

Na hapa nina neno juu ya akina mama. Kwetu, kokwa zikishatenganishwa na makapi, nani anakaa nazo uani, anazianika, anazigonga kwa jiwe moja moja, anakusanya mise mpaka zijae debe? Mara nyingi ni mama. Fedha ya mise ndiyo chumvi, ndiyo daftari, ndiyo nauli ya kliniki. Mashine inayovunja kokwa inakwenda mpaka uani na kuchukua debe la mama bila kuomba. Sijawahi kumsikia muuzaji akilisema hili. Lakini kikundi kinapokaa kuchagua mashine, na akina mama wako nyuma kabisa karibu na mlango, ni nani atalisema? Naomba waketi mbele siku hiyo.

Ndugu zangu wa Kibondo, najua mnasema, huyu leo ametusahau, sisi tuna alizeti. Sijawasahau. Tena nyinyi mna hadithi nzuri kuliko yetu, na imetokea humu humu Tanzania. Mwaka 1985 mhandisi wa Kimarekani, Carl Bielenberg, alitengeneza Arusha mashine ndogo ya mkono ya kukamulia alizeti. Haina skrubu wala jeki. Ina mpini mrefu. Ukiushusha, pistoni inazisukuma mbegu ndani ya silinda nyembamba yenye nafasi za kutokea mafuta. Uzuri wake ni kwamba ilifuta kazi nyingi za kabla ya kukamua: mbegu zinaanikwa juani, zinamiminwa, basi. Ilienea nchi nyingi za Afrika. Lakini ilikuwa na sharti lake: ilizipenda alizeti zenye ganda laini na mafuta mengi. Mkulima aliyekuwa na mbegu ya kienyeji yenye ganda gumu alishusha mpini mpaka jasho likamtoka, mafuta yakawa haba. Unaona? Huko nako mbegu na mashine zilikuwa ndoa. Kwa hiyo wa Kibondo, ukienda kununua, weka mbegu yako mfukoni.

  

Sasa turudi Manyovu, kwa yule mzee. Yako mambo mawili bado yananikaa kooni.

La kwanza ni mahali. Sisi huku tuko juu. Mchikichi haupendi baridi, unastawi kwenye mabonde na kule chini ziwani, ambako ni kama mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Kikundi kikiwa na nusu ya chikichi zake bondeni, kwa nini kipandishe magunia mlimani, yachubukane kwenye gari, yafike jioni, yachemshwe kesho? Ni heri mashine ikae karibu na mikungu, na kinachopanda mlima kiwe dumu la mawese. Dumu halichubuki. Najua kila mtu anataka mashine ionekane kwao, kijijini, karibu na ofisi. Lakini vimeng'enya nilivyowaambia havijui ofisi iko wapi.

La pili ni fundi. Kabla ya kuuliza bei, uliza hivi: hii ikivunjika Jumanne, nani ataitengeneza Jumatano? Skrubu ya mkono, fundi wa Kasulu au Kigoma mjini ataitengeneza. Jeki, utapata nyingine kwenye duka la vipuri vya magari. Skrubu ya ekspela inakwisha kwa kusuguana na nyuzi na mchanga. Inatakiwa ijazwe kwa kuchomelewa, kisha ikerezwe irudi kipimo chake. Je, yupo anayeijua kazi hiyo karibu nanyi? SIDO wana ofisi Kigoma, ni shirika la viwanda vidogo tangu mwaka 1973. Nendeni mkaulize huko, kuuliza hakuna ada. Kama yupo fundi, na chikichi zipo nyingi za kuishibisha, na umeme wa fezi tatu upo, mimi nitakuwa wa kwanza kuwaambia vijana: chukueni ekspela, chapeni kazi. Pasipokuwa na hayo matatu, mimi nasimama na akina mama na jeki yao. Nimesema hadharani, atakayenuna na anune.

Na mkienda kwa fundi, msikubali kuonyeshwa mashine ikizunguka tupu. Tupu kila mashine ni nzuri. Nendeni na magunia yenu. Chemsheni hapo hapo, pondeni, kamueni. Kisha mfanye kama alivyokuwa akifanya shangazi yangu, ambaye hakusoma lakini hakuna mkamuaji aliyemdanganya. Makapi yakitoka, bado ya moto, alichukua konzi moja, akayaminya kwenye ngumi kwa nguvu zake zote. Kama mafuta yalichungulia katikati ya vidole, alisema, "Rudisha, bado." Kisha aliyatawanya makapi kwenye ungo, akaangalia kokwa. Nzima zikae huku, zilizovunjika huku. Zilizovunjika zikiwa nyingi, alisema, "Legeza, mnaniulia mise." Mafuta kwenye vidole, mnabana kidogo. Kokwa zilizovunjika, mnabana mno. Kati ya hayo mawili ndipo mashine yenu inapotakiwa kukaa. Na ikiwa haiwezi kukaa hapo kwa chikichi zenu, iacheni kwa fundi.

Jana jioni mzee alinipigia simu. Aliniambia wamekopa mizani kwa mnunuzi wa kahawa, wamepima mavuno manne mfululizo, na katibu ameandika kwenye daftari: ya Dura upande huu, ya Tenera upande ule, na bonde yalikotoka. Nikamuuliza zimetoka kilo ngapi. Akacheka. "Hiyo nitakuambia ana kwa ana, mwanangu. Vijana wenyewe wamenyamaza tangu juzi. Jumamosi tunakwenda mjini kwa fundi na magunia mawili, moja la Dura na moja la Tenera. Na wale akina mama wawili waliokuwa wakibisha sana, wao ndio watakaominya makapi."

Nimemwambia nitakuwa stendi saa kumi na mbili asubuhi, nami nipande gari hilo. Nikirudi nitawasimulia kilichotoka kwenye vidole vya akina mama hao, Alhamisi ijayo, saa hii hii. Mama, chungu chako sasa kimechemka, kaepue. Kwaherini.